Bahari Waliyompa Mtu wa Lubumbashi

Nianze na lililoniuma. Siku bosi alipotusomea nani ataandika sura gani ya ile ripoti, mie mtoto wa Tanga, niliyezaliwa kwenye nyumba ambayo chumvi ilikula mpaka bawaba za milango, nilipewa kelele na vumbi. Bahari akapewa mwanamke wa Lubumbashi. Kwao ni machimbo ya shaba, bahari ya karibu sijui ni safari ya siku ngapi, halafu ndiye anayepewa bahari! Nilitabasamu, nikaandika "kelele na vumbi" kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, na kijiba cha roho kikanikaa hapo hapo. Kilikaa miezi mitano.

Ofisi yetu iko Randburg, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitanda. Kazi yetu ni kupima mradi wa mtu utayafanya nini mazingira, tuandike, tutie saini. Safari ile tuliajiriwa na mamlaka ya nchi moja ya ng'ambo, siitaji, tupitie ombi la mtambo wao wa umeme wa nyuklia uliojengwa ufukweni. Mtambo una leseni, leseni ina mwisho, na wenye mtambo walitaka iongezwe. Cha ajabu ni kwamba leseni yenyewe ilikuwa bado na zaidi ya miaka kumi. Bosi alitueleza kuwa kujenga mtambo mwingine si kazi ya mwaka mmoja, kwa hiyo nchi inataka kujua mapema kama huu wa zamani utaendelea au utazimwa, isije ikashtukia giza. Sisi wa Joburg, tuliokwisha kula daku kwa mwanga wa mishumaa kwa ajili ya mgao wa umeme, hatukuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Hata huo mtambo niliuonea wivu. Ndiyo, mtambo, na sioni haya kusema. Unayo miaka yako kumi na zaidi mkononi, unakwenda kuomba mingine, na watu wazima wenye digrii wanakaa kikao kukusikiliza. Sie wageni wa mji huu, kibali kikiwa kimebakiza miezi mingi ukienda kuomba wanakurudisha nyumbani, ati mapema. Ukienda kimebakiza siku chache wanakuuliza ulikuwa wapi. Mie nilishapanga foleni ile mara nne kabla sijapata ukaazi wa kudumu, na kila mara nilitoka pale nimekonda.

Huyo dada wa Lubumbashi alikuwa bado yumo kwenye foleni hiyo. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa unakwisha mwezi ule ule ambao ripoti ingekamilika, na kibali chake kilitegemea mkataba huo. Bosi alimwambia mbele yetu sote kwamba sura ya bahari ikipita kwa wateja, mkataba utaongezwa. Hakusema isipopita itakuwaje, na hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo nilijua. Naomba mtu asije kunitetea kwamba sikujua.

Tena aliyemleta ofisini ni mie. Wakati huo alikuwa anamalizia shahada yake ya udaktari chuo kikuu pale Braamfontein, ya samaki wa mito ya kwao, na siku za Jumamosi alisuka nywele katika saluni ya Wakongo hapa Bellevue, mtaa wa pili kutoka kwangu. Binti yangu akisukwa, yeye alikuwa anatupigia hadithi za samaki mwenye pua ndefu kama nini sijui, vidole vinakwenda, mdomo unakwenda. Nikampenda. Nikachukua karatasi zake nikampelekea bosi kwa mkono wangu huu. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mie nilipona nini?

Yeye aliniita yaya, na kwao yaya ni dada mkubwa. Kila asubuhi akinipita mezani: yaya, umeamka muzuri? Nami nilikuwa namtania kuwa kwetu yaya ni mtu wa kulelea watoto, basi anilipe mshahara. Akicheka alicheka kwa mwili mzima. Bosi alipenda kicheko kile, wateja walikipenda, mlinzi wa getini alikipenda. Mie nimefanya kazi pale miaka tisa na hakuna aliyewahi kuniambia ofisi imechangamka kwa sababu yangu.

Lakini lililonichoma kuliko bahari, kuliko bosi, lilikuwa nyumbani. Binti yangu amezaliwa hapa. Ana miaka kumi na sita. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, hasa neno la pesa, halafu ananijibu Kiingereza, na akikasirika ananijibu Kizulu ili nisifaidi. Nilishabembeleza, nilishagomba, nilishanuna, wapi. Basi huyu dada akija kwetu Jumamosi, mtoto wangu alimjibu Kiswahili. Si hiki changu, jamani, kile cha Lubumbashi: iko muzuri, tantini, sina na njaa, tantini. Tantini ndiyo shangazi yao. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi nikisikiliza mwanangu akisema lugha yangu kwa mtu mwingine, na nikaunguza vitunguu.

Wanasema hasidi hana sababu. Uongo. Mie nilikuwa nazo, tena tele.

Sasa nieleze kosa, maana bila hilo hakuna hadithi. Mtambo kama ule unavuta maji ya bahari ili kupoza mashine zake, kisha unayarudisha yakiwa na joto. Pale unaporudishia, kuna samaki fulani wa huko huja kutaga. Mayai yao yanavumilia joto kiasi, likizidi kidogo tu yanakufa. Kazi ya mwandishi wa sura ya bahari ni kuchukua joto la bahari, aongeze joto la mtambo, aone mayai yatapona au hayatapona. Kwenye ombi la kawaida ni hesabu ya mtoto wa shule. Kwenye ombi la mapema pana mtego, kwa sababu miaka inayoombwa haianzi leo. Inaanza leseni ya sasa itakapokwisha, baada ya hiyo miaka kumi na ushei, na bahari ya wakati huo haitakuwa hii ya leo. Itakuwa imepata joto lake yenyewe kabla mtambo haujaongeza lake. Unatakiwa upime bahari ambayo bado haijafika.

Nilijua mtego huo kwa sababu hata kwenye kelele zangu ulikuwepo. Nilikuwa nimekaa na ramani za mji ulio jirani na mtambo nikihesabu nyumba ambazo hazijajengwa, ili nijue kelele za mtambo zitamfikia nani wakati huo. Nani anasoma sura ya kelele? Hakuna. Ila mie niliiandika vizuri.

Ofisini tuna desturi. Sura haitoki mlangoni mpaka mwenzako mmoja aisome na kujaza karatasi ya njano. Karatasi ina swali moja tu: Je, kuna jambo lolote jipya na la maana ambalo mwandishi hakulitaja? Unaweka alama, ndiyo au hapana, unatia saini, basi. Ukisema ndiyo, sura inarudi kwa mwandishi, anarekebisha, na hakuna aibu kwa mtu. Mie mwenyewe zimenirudia mara nyingi. Mwandishi ndiye anachagua wa kumsomea, na yeye alinichagua mie.

Alikuja kwangu Jumamosi moja mchana, kipindi cha baridi, ile baridi kavu ya hapa inayopasua midomo. Mie napanga chumba na nusu kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa, na hita yetu ya gesi ilikuwa katikati ya chumba, binti yangu ameikalia karibu anaandika kazi yake ya shule. Dada alileta maandazi ya kwao, yale wanayaita mikate, yamefungwa kwenye kitambaa. Alikula kwangu, akamtania mwanangu, kisha akatoa sura yake kwenye bahasha na ile karatasi ya njano juu yake. Akaifungua penye jedwali la joto, akaweka kidole.

"Yaya, soma muzuri hii tablo," aliniambia. "Mi mito njo naijua. Bahari siizoee. We njo mwenye bahari."

Aliposema hivyo nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga. Miezi mitatu nilikuwa nasubiri mtu aseme neno hilo, mie ndiye mwenye bahari, na aliyelisema ni huyo aliyeichukua. Nikamwambia aniachie, nitaisoma kwa utulivu.

Niliisoma Jumapili asubuhi, baada ya kufua. Kosa halikujificha. Jedwali lile lilikuwa na bahari ya mwaka huu, iliyopimwa mwaka huu, vizuri kabisa, na juu yake joto la mtambo. Mayai yanapona. Madhara ni madogo. Sura nzima ya bahari, kurasa zaidi ya sabini, ilisimama juu ya maji ya leo. Mtu wa mito alikuwa ametazama maji yanayompita sasa hivi. Nilichukua penseli niweke alama pembeni, na nikakaa na penseli ile mkononi mpaka chai ikapoa.

Sitasema shetani alinipitia. Shetani hakuwa na kazi pale. Nilijiambia kwamba yeye ndiye daktari, mie nina stashahada, nani kanituma kumfundisha. Nilijiambia kwamba wateja wana wataalamu wao, wataliona, litarekebishwa. Nilijiambia kwamba si kazi yangu kushika mkono wa kila mtu. Na chini ya hayo yote kulikuwa na picha moja iliyonipa raha, wallahi ilinipa raha: yeye amesimama mbele ya watu, kicheko kimemkauka, na bosi anageuza macho kunitafuta mie. Nikaweka alama kwenye hapana. Nikatia saini. Saini yangu ni nzuri, ina mkia mrefu.

Jumatatu nilipomrudishia aliniuliza tena, yaya, tablo iko sawa? Nikamwambia iko sawa. Akanishika mikono yote miwili. Kikao na wateja kilikuwa baada ya wiki mbili na siku tatu. Ningeweza kusema siku yoyote. Tulikunywa chai pamoja kila asubuhi, tulipanda basi moja kurudi, siku moja alinipa skafu yake nilipotetemeka kituoni. Niliivaa mpaka nyumbani.

Kikao kilifanyika kwenye skrini, wao kwao, sisi Randburg tumejipanga upande mmoja wa meza. Kelele na vumbi walizimaliza haraka sana, hawakuuliza hata swali. Kisha wakamwita yeye. Alivaa gauni la kitenge la njano, akasimama ingawa hakutakiwa kusimama, akaieleza bahari ile kwa dakika ishirini mpaka hata mie nikaona samaki. Alipokaa, mama mmoja upande wa pili, mtu mzima mwenye miwani, alimshukuru kwa upole na kumuuliza swali moja. Jedwali hili la joto ni la bahari ya lini?

Akajibu kwamba ni ya mwaka huu. Akaanza kuendelea, akasita. Nilimwona akiona. Macho yake yalirudi kwenye jedwali, yakapanda juu, yakashuka, na mkono wake ukaenda mdomoni. Hakuwa mjinga, ilimchukua muda mfupi kuliko ulionichukua mie. Yule mama akasema, bado kwa upole, kwamba basi hawajui lolote kuhusu miaka wanayoombwa, na sura haiwezi kupokewa. Bosi akauliza, sauti imekauka, nani alisoma sura hii ndani ya ofisi.

Hapo ndipo nilipaswa kunyanyua mkono. Karatasi ya njano ilikuwa kwenye faili mbele ya bosi, angeifunua tu angeona mkia wa saini yangu. Mdomo wangu ulifunguka. Na yeye akawahi. Alisema ilisomwa, lakini alikuwa amemkabidhi msomaji jana yake jioni, hakumpa muda wa kuitazama, kwa hiyo kosa lilikuwa lake peke yake. Alilisema kwa Kiingereza safi, bila kunitazama. Sura ilikuwa kwangu wiki mbili na nusu kabla ya kikao, na sote wawili tulilijua hilo. Bosi akafunga faili.

Nilimfuata ukumbini, karibu na lifti. Sijui nilimfuata kumwambia nini. Aligeuka, hakuwa analia, na aliniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Yaya, uliona?"

"Sikuona," nikasema.

Alinitazama kidogo. Kisha akatikisa kichwa, akasema basi, na akaniomba nimsalimie mtoto.

Mkataba wake haukuongezwa. Bosi alisema ana huzuni, na nadhani alikuwa nayo kweli. Wiki ya mwisho dada alipanga vitu vyake kwenye sanduku la karatasi za ofisi, akawaaga wote, mlinzi wa getini akatoka kwenye kibanda chake kumbebea. Mie nilikuwa msalani. Nilikuwa msalani kwa makusudi, nimekaa juu ya kifuniko, mpaka niliposikia lifti imeshuka. Saluni wanasema alirudi Lubumbashi kabla kibali hakijaisha, asije akafukuzwa. Wengine wanasema yuko Lusaka. Sina namba yake mpya, na ile ya zamani sijaipiga.

Halafu nikapewa bahari. Nani mwingine? Bosi aliniita, akasema nimelelewa wapi vile, si pwani, akanipa kurasa zote na faili zake dada. Nilikuwa nimeitamani sura ile, na nilipoipata niliipeleka mezani kwangu nikaikalia siku mbili bila kuifungua. Nilipoifungua nikakuta daftari lake la kazi. Kifaransa na Kiswahili vimechanganyika, namba, michoro ya samaki. Kwenye ukurasa wa lile jedwali alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: bahari ya leo ao ya wakati ule? Na chini yake: yaya ataona.

Alikuwa ameuliza. Swali alikuwa nalo tangu mwanzo. Aliliweka chini kwa sababu alikuwa na mtu wa kumuuliza.

Niliiandika upya ile sura. Mayai hayaponi yote, na wateja walifurahi kujua, walituma barua ya kusifu kazi. Mwezi uliofuata bosi akaniwekea mkataba mpya mezani, ilhali ule wa zamani ulikuwa bado una mwaka mzima na miezi. Alisema hataki kungoja, watu kama mie wasiachwe wakatafutwa na wengine. Eish, mie, naongezewa mapema! Nyuma ya mkataba kulikuwa na fomu ya kujaza, maswali ya kawaida ya anwani na afya, na la mwisho liliuliza kama kuna jambo lolote jipya na la maana ambalo ofisi inapaswa kulijua. Bosi alikuwa amesimama ananisubiri, kalamu ni yake. Niliweka alama kwenye hapana.

Jioni nilinunua kuku wa kuchoma kwenye robot, taa za barabarani, ya mwisho kabla ya kwetu, nikampelekea binti yangu, nikaweka mkataba juu ya meza auone. Aliusoma wote, taratibu, mpaka kwenye saini. Hita ilikuwa inawaka katikati yetu. Nilingoja anipongeze kwa Kiingereza chake. Akanyanyua macho, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtoto mdogo akanisemesha Kiswahili.

"Mama, ile karatasi ya njano ya tantini, si we njo uliisoma?"

Nilimjibu kwa Kiingereza. Nilimwambia kuku anapoa.